Kumfundisha mtoto mdogo herufi kwa nyimbo: anza na A, E, I, O, U

Mtoto wa miaka miwili hajui herufi ni nini, wala hana haja ya kujua. Anachokijua ni sauti: ya mama akiita, ya mfuniko wa sufuria, ya kondakta akigonga bodi la daladala. Mwongozo huu unaanzia hapo kwenye sauti, kisha unapanda taratibu hadi kwenye alama iliyoandikwa. Ni kwa ajili ya mzazi, bibi, dada wa nyumbani na mwalimu wa chekechea, yeyote anayeshinda na watoto wa kati ya miaka 2 na 4. Hauhitaji kitabu cha kununua. Unahitaji sauti yako, viganja viwili, chaki na boksi lililokwisha kazi.

Kabla ya yote, weka kando wimbo wa ABC wa Kiingereza

Siusemi vibaya. Wimbo ule, uliosajiliwa Boston, Marekani, mwaka 1835, unawafaa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Tatizo ni kwamba tumeuchukua ulivyo na kumpa mtoto atakayeanza kusoma Kiswahili. Ndani yake A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", na I inaitwa "ai". Mtoto aliyeukariri akikutana na E kwenye neno "embe" atasoma "imbe", na akiiona I kwenye "inzi" atasoma "ainzi". Hajakosea, amesoma kama alivyoimbishwa. Halafu mwalimu wa darasa la kwanza anapata kazi ya kubomoa kwanza ndipo ajenge.

Wimbo huo pia unazikimbiza L, M, N, O na P mpaka zinasikika kama neno moja, na watoto wengi huamini kweli kwamba kuna herufi inayoitwa "elemeno". Una Q na X, ambazo hazimo katika alfabeti yetu, na una C inayosimama peke yake, ilhali kwetu C haiendi popote bila H.

Kiswahili kimetupa urahisi ambao lugha nyingi hazina. Tuna irabu tano tu, na kila moja ina sauti ileile popote uikutapo: a ya "asali" ndiyo a ya "taa" na ndiyo a ya "kahawa". Karibu kila silabi huishia na irabu. Kwa hiyo mtoto akizishika sauti tano vizuri, ameshika nusu ya karibu kila silabi atakayoisoma. Ndiyo maana nasisitiza: tusianze na A hadi Z. Tuanze na irabu, tukae nazo bila haraka, ndipo konsonanti zifuate moja moja.

Hatua ya kwanza: masikio na viganja

Usionyeshe herufi yoyote bado. Kwa wiki chache za mwanzo, kazi ni kumzoeza mtoto kusikia kwamba neno lina vipande. Mpakate au kaa naye mkekani, mtazamane, mpige makofi kila silabi: ma-ma, ba-ba, bi-bi, ka-ka. Kisha jina lake. A-ma-ni ni makofi matatu, Ju-ma ni mawili, Ma-ri-a-mu ni manne. Watoto hulipenda jina lao kuliko neno lingine lolote, na wataomba lirudiwe mpaka wewe uchoke.

Makofi yakizoeleka, pigeni kwenye ndoo, kwenye kopo, kwenye magoti. Neno "mtoto" ni zuri sana kwa mchezo huu kwa sababu lile m la mwanzo lina pigo lake: m-to-to. Mtu mzima husahau jambo hilo, mtoto halisahau.

Imba pia nyimbo zozote unazozijua, za kubembeleza na za kuchezea kwenye duara. Vina ndivyo vinavyofanya kazi hapa. Mtoto anayesikia mistari miwili ikiishia na sauti moja anajifunza kutega sikio, na sikio likitegwa, herufi itakuwa na mahali pa kukaa siku itakapokuja.

Hatua ya pili: irabu tano na mwili mzima

Mtoto wa umri huu hujifunza kwa miguu na mikono. Kwa hiyo kila irabu ipewe tendo. Huu ni wimbo wa kuanzia. Uimbe kwa sauti yoyote mnayoipenda nyumbani, polepole, kwa mapigo ya makofi:

A, a, a, amka mwana,
E, e, e, elea sana,
I, i, i, inama chini,
O, o, o, oga majini,
U, u, u, uji mezani.

Kwenye A mtoto anajinyoosha kama anayetoka usingizini. Kwenye E anatandaza mikono na kuyumba kama anaelea baharini. I ni kuinama kugusa vidole vya miguu. O ni kujisugua mabega na tumbo. U ni kushika kikombe cha kujifanyia na kupiga funda. Sauti ya kwanza ivute: "aaaa-mka", "iiii-nama". Uvutaji huo ndio somo lenyewe. Mengine yote ni mapambo yanayomfanya mtoto atake kurudia.

Utaona nimetumia vitenzi vingi. Majina ya vitu yanayoanza na I au O ambayo mtoto mdogo anayafahamu ni machache, lakini vitenzi vipo, na kitenzi kinachezeka. "Enda" nimeliepuka kwa sababu ukimwamuru mtoto unasema "nenda", na sauti ya mwanzo inageuka N.

Mwonyeshe na mdomo wako. A mdomo wazi kabisa. E unatabasamu kidogo. I meno yanaonekana. O midomo inafanya duara. U midomo inachongoka kwa mbele. Kama kuna kioo, simameni mbele yake pamoja. Mtoto atacheka, na akiwa anacheka anatazama.

Dakika tano zinatosha. Ni bora dakika tano asubuhi na tano jioni kila siku kuliko saa nzima Jumamosi. Mtoto akigeuza kichwa, acha. Mkae na wimbo huu mpaka auanze mwenyewe bila kuambiwa. Wengine huchukua wiki mbili, wengine miezi miwili, na tofauti hiyo haisemi lolote kuhusu akili zao.

Hatua ya tatu: sauti inapata alama

Sasa chukua lile boksi. Kata vipande vitano vyenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na uandike kwa kalamu nene a, e, i, o, u. Tumia herufi ndogo. Maandishi mengi atakayoyasoma yatakuwa ya herufi ndogo, na kubwa zinaweza kusubiri, isipokuwa ile inayoanza jina lake: hiyo mpe mapema, ni mali yake.

Bandika kila kadi mahali wimbo unapotokea. Kadi ya a iwe karibu na kitanda, ya o mlango wa bafu, ya u ukutani karibu na anapokunywa uji. Mkiimba, mtoto aguse kadi. Kwa njia hii herufi inakuwa sehemu ya siku yake, na haumwiti aache kucheza aje kusoma.

Kuandika bado. Vidole vya mtoto wa miaka 3 havijakomaa kushika penseli vizuri, na inaniuma kuona chekechea zinazompa mtoto wa umri huo daftari la mistari na kumwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mwagia unga kidogo kwenye sinia, au tumia mchanga uani, mchore o kwa kidole huku mkiimba "O, o, o, oga majini". Kwenye sakafu ya saruji chora i kubwa kwa chaki, mtoto atembee juu yake. Anahisi umbo kwa mwili kabla ya kulihisi kwa kalamu.

Leta herufi moja kwa siku kadhaa, kisha ya pili, halafu changanya mbili ili achague. Usimwekee zote tano siku ya kwanza.

Hatua ya nne: konsonanti, kwa silabi zake

Wazee wetu walioanza shule kwa ba, be, bi, bo, bu waliimba kweli, na chuoni, yaani madrasa, watoto wa Pwani wamekuwa wakighani herufi za Kiarabu, alifu, be, te, kwa pamoja tangu zamani. Kuimba herufi si jambo tulilolileta kutoka nje. Tunachobadilisha ni umri na upole.

Usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na sauti za midomo, kwa kuwa ndizo mtoto alizozitamka kabla hajajua kusema: m, kisha b, kisha p. Baadaye t, d, n, k, l, s. Sauti kama r zije mwishoni. Unapotaja herufi, taja inavyosikika. M ni "mmm" midomo ikiwa imefungwa, si "em". S ni "sss". B haiwezi kuvutwa peke yake, kwa hiyo itaje pamoja na irabu: "ba".

Kwa M:

Mama, meza, moto, maji,
mimi mwana ni mlaji.

Kwa B:

Baba, bibi, babu, bata,
beba boga, twende, pita.

Kwa L, wakati wa kulala:

La, le, li, lo, lu, tulale,
leo Lulu na alale.

Badala ya Lulu weka jina la mtoto wako. Kwa S, baada ya kuoga au mnapokutana asubuhi darasani:

Sisi sote tunasema:
sa, se, si, so, su, salama!

Mtoto akiwa na irabu tano na konsonanti mbili tu, kuna jambo kubwa linaloweza kutokea. Weka kadi ya "ma" kando ya kadi nyingine ya "ma". Imba "ma", imba "ma" tena, kisha ziunganishe. Amesoma "mama". Kuna watoto wa miaka 4 wanaofika hapo kwa nyimbo tupu, na kuna ambao hawafiki mpaka wavuke miaka 5. Wote wako sawa.

Hatua ya tano: tunga mwenyewe

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, mzazi mwenzangu, kwa sababu wimbo uliotungwa nyumbani kwa vitu vya nyumbani humwingia mtoto kuliko wowote wa kununua. Na kutunga si kugumu. Shairi la tarbia tulilosoma shuleni lina mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, na huo hukatika katikati, nane kwa nane. Kwa mtoto chukua kipande kimoja: mizani nane kwa mstari, mistari miwili, kina kimoja mwishoni. Pumzi yake inakitosha.

Tuseme unataka wimbo wa P. Kwanza tafuta neno kwa kila irabu: pa, pe, pi, po, pu. Papai, pera, pilipili, popo, punda. Sasa yapange. "Papai, pera, pilipili": pa-pa-i-pe-ra-pi-li-pi-li ni mizani tisa, imezidi. Ukiipeleka pilipili mstari wa pili na kumleta popo juu, unapata "Papai, pera na popo". Pa-pa-i-pe-ra-na-po-po, nane kamili, na kina ni "po". Mstari wa pili ubebe pilipili na punda na uishie "po" vilevile:

Papai, pera na popo,
pilipili, punda yupo.

Silabi zote tano zimo. Kama kwenu hakuna popo, au mtoto anamwogopa, pindua. Maana haihitaji kuwa nzito. Mtoto anachezea sauti. D nayo ina maneno mazuri, dada, debe, dirisha, dodo, duka, na hiyo nakuachia uitunge.

Jihadhari na maneno machache yanayopotosha. Chati nyingi za ukutani zinasema M ni ya "mbuzi" na N ni ya "ndizi". Kwa mtu mzima ni sahihi, lakini mtoto anasikia mbu na ndi, sauti mbili zilizoshikana, na anashindwa kuitenga ile ya kwanza. Kwa M tumia "meza" na "moto". Kwa N tumia "nazi", "nanasi", "nono". Maneno ya ki-vi nayo yana mtego: ukifundisha K kwa "kiti" kisha ukasema "leta viti", herufi imemkimbia. "Kuku", "kofia" na "kaka" hubaki na K yake hata vikiwa vingi, au angalau kwa kuku na kofia. Kaka wengi husikika pia kama "makaka" kwa baadhi ya watu, kwa hiyo mwimbe kaka mmoja.

Hatua ya sita: acha pengo

Wimbo ukishazoeleka, usiumalizie. Imba "A, a, a, amka..." unyamaze, mtazame usoni. Atasema "mwana!" kwa furaha. Wiki inayofuata acha pengo kubwa zaidi: "O, o, o..." na ungoje. Mtoto anayejaza pengo anakumbuka kwa hiari yake.

Hii ni tofauti na kumhoji. Maswali ya "Hii nini? Na hii? Jana nilikwambia nini?" mbele ya wageni yanamfunga mtoto mdomo. Akitaja e badala ya i, usiseme "hapana". Imba mstari sahihi, inama naye, endelea. Sikio lake litajirekebisha.

Kuhusu simu na televisheni

Video za nyimbo za herufi ni nyingi na nyingine zimetengenezwa vizuri. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, pungufu ikiwa ni bora zaidi. Ukiamua kuonyesha video, kaa naye, imba pamoja nayo, kisha izime na muimbe tena bila simu. Sikiliza kwanza peke yako kama irabu zinatamkwa Kiswahili. Nyingi zinachanganya.

Kwa wanaolea watoto Muscat, London au Minneapolis, mtoto atakutana na herufi za lugha nyingine shuleni, na hakuna ubaya. Zitenge tu: wimbo mmoja ubaki na lugha moja, na ikiwezekana mtu mmoja. Bibi akiwa ndiye mwenye A, E, I, O, U, hata kwa simu ya video Ijumaa jioni, mtoto atajua kwamba kwa bibi E ni ya "elea".

Matamshi, na lini uende kliniki

Mtoto wa miaka 3 anayesema "lula" badala ya "rula" anafuata mkondo wa kawaida, r huchelewa. Wewe mwenyewe tamka r vizuri ukiwa unaimba, na usimcheke wala usiige alivyosema. Kama nyumbani kwenu l na r hubadilishana, mwombe mtu mwingine wa familia awe mwimbaji wa herufi hizo mbili.

Lakini kama mtoto hageuki akiitwa kwa nyuma, hashtuki kwa kishindo, au ametimiza miaka 2 bila kuunganisha hata maneno mawili kama "mama njoo", mpeleke kliniki apimwe masikio. Usingoje kwa matumaini kwamba ataanza tu.

Herufi zinazotembea mbili mbili

Ch, sh, ny na ng' zije baada ya konsonanti za kawaida kutulia. Ziandike kwenye kadi moja na uzitaje kama sauti moja. Usimwambie mtoto ni c na h. Sh ni rahisi zaidi: kidole mdomoni, "shhh, mtoto amelala". Ch na ny zina nyimbo zake:

Cha, che, chi, cho, chu, chezeni,
chura yuko chini, chini.

Nyota, nyoka, nyundo, nyama,
nyanya zetu ni salama.

Ng' icheze kwa kulinganisha. Sema "ng'ombe", kisha "ngoma", mtoto apige ngoma akisikia ngoma na aweke vidole kichwani kama pembe akisikia ng'ombe. Siku za mwanzo atakosea mara kwa mara, na mchezo hautaharibika kwa hilo.

Dh, th, gh na kh ziache kwanza. Zinakuja kwenye maneno ambayo mtoto mdogo hayatumii sana, na ulimi wake bado unazikataa. Anayepelekwa chuoni atazikuta mapema, kwenye dhali, the, ghaini na khe. Ukimsikia akizighani uani, mtengenezee kadi ya "th" na mwimbe hesabu pamoja mpaka mfike kwenye thelathini.